Dada unayetaka ubingwa wa mifupa, hivi ndo unavopita

Ukisema tu unataka kusomea ubingwa wa upasuaji wa mifupa swali la kwanza litakuwa nguvu. Utaweza kweli kuvuta paja la jamaa wa kilo mia na ishirini? Wanauliza ndugu, wanauliza madaktari wenzako, anauliza hata mgonjwa mwenyewe kalala pale mguu umepinda. Na wengi wetu tunaanza kujitetea, oh mimi napiga mazoezi, oh nanyanyua vyuma, kumbe swali lenyewe ndo bovu. Niko huku ndani miaka sasa na karibu kila kitu kilichowahi kunikwamisha hakikuwa mkononi mwangu, kilikuwa mule chumbani: urefu wa meza, saizi ya aproni, nani kashika drili, rosta (orodha ya zamu) kaipanga nani. Vitu vya chumbani vinasogezeka. Kwahiyo hapa nitakuonesha vinavosogezwa, kimoja kimoja, na kutiana moyo tutafanya siku nyingine.

Tuanze na hiyo nguvu tuimalize

Misuli ya paja ikishakaza hakuna mtu anayeishinda kwa mikono mitupu, hata awe miraba minne. Ndo maana kuna dawa ya usingizi, kuna dawa ya kulegeza misuli, kuna meza ya kuvutia mguu. Yule anayevuta kwa jazba jasho linamtoka anamtesa mgonjwa na anauharibu mgongo wake mwenyewe, uliza mabingwa wazee wangapi wana mgongo mzima.

Chukua mfano wa nyonga iliyotoka kwa nyuma, ile ya ajali mtu kagonga goti kwenye dashibodi. Umeshaangalia eksirei ukahakikisha shingo ya mfupa wa paja haijavunjika (hii usiiruke hata kama watu wanakuharakisha), mgonjwa kasinzishwa, kalala chali, kuna mtu kamkandamiza kiuno kisinyanyuke. Unakunja nyonga na goti lake nyuzi 90. Sasa unapandisha mguu wako mmoja juu ya kitanda, goti lako linaingia chini ya goti lake, yani paja lako linakuwa kama kigingi. Mkono mmoja unashika kifundo chake unakishusha taratibu, halafu unanyanyua kisigino chako, kama mtu anayechungulia juu ya ukuta. Basi. Kazi inafanywa na shavu la mguu wako, na hilo shavu linakubeba mzima mzima kila ukipanda ngazi. Unazungusha mguu wake kidogo ndani kidogo nje, unasikia inaingia. Mara ya kwanza fanya na mkubwa wako kasimama pembeni, lakini fanya wewe, na usisubiri sana maana nyonga ikikaa nje zaidi ya masaa kama 6 kichwa cha mfupa kinaanza kuwa hatarini kufa kwa kukosa damu. Nilivoirudisha ya kwanza yule kaka niliyekuwa naye zamu alikuwa ameshavua koti tayari kuja kunisaidia, akalivaa tena kimyakimya.

Na drili je. Ukiona unasukuma kwa nguvu zote na haiingii, ujue ncha ni butu. Omba ncha mpya. Usione aibu hata kidogo, kwa sababu ncha butu inapasha mfupa moto, na tangu utafiti wa 1983 inajulikana kuwa mfupa ukifikia nyuzi joto 47 kwa dakika moja tu unaanza kufa, na mfupa uliokufa haushiki skrubu. Kwahiyo anayelazimisha kwa mabavu ndo anakosea, wewe unayeomba ncha kali na maji ya kupooza ndo unafanya upasuaji.

Meza inashuka

Hiki kimenichukua miaka miwili kukijua na kinaniuma mpaka leo. Nilikuwa mwaka wa pili wa ubingwa, nimepewa kesi ya pleti ya paja, lile bamba la chuma la kushikilia mfupa uliovunjika, mkubwa wangu mrefu kweli kweli alikuwa msaidizi tu lakini meza ilikaa kwa kimo chake. Masaa matatu nimefanya kazi mabega yameenda masikioni, kesho yake hata kuchana nywele siwezi. Kesi iliyofuata sista wa thieta, yani chumba cha upasuaji, mama mmoja mtu mzima, akanisogelea akaninong'oneza, daktari, hii meza inashuka bure.

Toka siku hiyo sheria yangu ni moja, anayeshika kisu ndo anaamua urefu wa meza. Ikae usawa wa kiwiko chako au chini kidogo, na kwenye mifupa wakati wa kugonga nyundo ishuke zaidi ili uzito wa mwili ukusaidie. Aliye mrefu atainama kidogo, hatakufa. Na pale ambapo wewe ndo msaidizi, omba stuli ya kusimamia kabla hujanawa, maana ukishavaa gauni tasa, lile lisilo na vijidudu, kuomba stuli kunakuwa shughuli nzima na utaona haya utanyamaza.

Glavu pia. Kama unavaa 6, sema 6 mapema, andika kwenye orodha ya vifaa, usikubali ile ya "hizi 7 na nusu ndo zilizopo". Vifaa vingi vimechongwa kwa mkono mkubwa na hili siyo la kufikirika, utafiti wa 2004 kwa madaktari wa upasuaji wa kamera ulionesha wenye glavu 6 na nusu kushuka chini wanapata shida zaidi na vifaa vile vya kushona kwa stepla. Njia ya kupita ni kushika kwa mikono miwili pale inaporuhusu, kuuliza kama kuna aina nyingine yenye mpini mwembamba, na kuzijaribu seti zote siku isiyo na mgonjwa. Mimi nilikuwa naenda thieta jioni naomba nishike drili zote zilizopo, nzito na nyepesi, nikajua ipi yangu. Masista walinicheka wiki ya kwanza, ya pili wakawa wananiwekea ile nyepesi bila kuomba.

Drili iko kwa nani

Hapa ndo penyewe, haya mengine yote ni dibaji. Ubingwa unapatikana kwa kesi ulizofanya kwa mkono wako, na njia rahisi kabisa ya kumbania mtu ni kumpa ritrakta, kile chuma cha kushikilia kidonda kikae wazi, ashike miaka minne huku unamsifia ana bidii. Wala hawafanyi kwa roho mbaya wengi wao. Mkubwa anaona mdada, anaona atachoka, anamwonea huruma, anachukua kisu. Mwanaume akisitasita anaambiwa endelea bwana, wewe ukisitasita unaambiwa ngoja nikusaidie. Utafiti wa Marekani wa 2017 kwa wanaosomea upasuaji wa kifua ulionesha wanawake wanaachiwa kufanya wenyewe kidogo kuliko wanaume. Nilivousoma nilitamani kuuchapisha niubandike mlangoni.

Cha kufanya: ongea kabla ya kunawa mikono. Usiseme "naomba nifanye", hiyo ni pana mno na jibu lake ni "tutaona". Taja kipande. "Leo naomba nifanye kuanzia kuchana mpaka mfupa umekaa mahali pake, ukiona dakika 20 zimepita sijaupata chukua." Umetaja mwanzo, mwisho, na muda wa kunyang'anywa. Ni ngumu sana mtu kukataa ombi la hivo, na hata akichukua anajua amechukua kabla ya muda. Kesi ijayo ongeza kipande. Usiku wa jana yake hakikisha umechora mpango wako kwenye karatasi, pleti ya matundu mangapi, skrubu ya kwanza inaingia wapi, utapita kati ya misuli ipi na ipi, ukamwonesha asubuhi. Mtu mwenye mchoro mkononi ni ngumu kumpa ritrakta.

Halafu logibuku, lile daftari la kesi zako. Jaza siku hiyohiyo, na tenganisha kabisa ulizofanya, ulizofanya nusu na ulizoangalia. Kila miezi mitatu hesabu, na kama mnaelewana na wenzako wa mwaka wako linganisheni. Ukienda kwa mkuu wa mafunzo na "nahisi nabaguliwa" utapewa kikombe cha chai na ushauri. Ukienda na karatasi inayosema mimi misumari ya paja (vile vyuma virefu vya ndani ya mfupa) 4, wenzangu 15 na 17, zamu zetu sawa, naomba mwezi ujao nipangwe na fulani ili nifike 10, hapo kuna kitu cha kujibu. Mimi nilienda hivo. Alikaa kimya muda mrefu anaangalia karatasi, akasema sikuwa najua, na nadhani kweli hakuwa anajua.

Usisahau kuwa zamu za usiku na wikiendi ndo kuna kesi za ajali nyingi, kwahiyo yule anayekuondoa kwenye zamu za usiku "kwa kukuonea huruma" anakupunguzia kesi. Mshukuru, kataa.

Sista, naomba maji

Utaitwa sista, utaitwa nesi, utamaliza kumweleza mgonjwa upasuaji wote dakika 15 halafu atauliza daktari anakuja saa ngapi. Mwanzoni nilikuwa nakasirika, sasa hivi nafanya tu utaratibu. Naingia, nasema jina, nasema "mimi ndo daktari nitakayekupasua", nasema tena wakati natoka. Kwenye raundi nikiwa na intan (daktari mpya aliye mafunzoni) wa kiume mrefu mgonjwa anamwangalia yeye, kwahiyo nimemfundisha akiulizwa swali ageuke aniangalie mimi. Inafanya kazi kuliko hotuba.

Thieta nako tumia ile orodha ya usalama wa upasuaji ya WHO ya 2008, ina kipengele cha kila mtu kutaja jina na kazi yake kabla ya kuchana. Watu wanakiruka. Wewe usikiruke, kiongoze, ukishasema mbele ya wote "mimi ndo nafanya upasuaji leo" hata yule muuza vifaa anaacha kumpa maelezo kaka aliyesimama nyuma yako. Kuna daktari wa usingizi Australia, Rob Hackett, mwaka 2017 alianza kuandika jina na kazi kwenye kofia yake ya thieta na watu wengi duniani wakaiga. Gharama yake ni kalamu.

Kitu kingine cha kukaa nacho kichwani ni wagonjwa wa rufaa. Mchumi Heather Sarsons aliangalia data za bima ya wazee ya Marekani akakuta mgonjwa akifa, madaktari wanaotuma rufaa wanampunguzia daktari mwanamke wa upasuaji wagonjwa zaidi kuliko wanavompunguzia mwanaume, na mbaya zaidi wanawapunguzia hata wanawake wengine ambao hawahusiki. Siwezi kukupa dawa ya hilo. Ninachofanya ni kumpigia aliyeniletea mgonjwa mambo yakienda vibaya, siku hiyohiyo, namweleza kilichotokea na nilichofanya, kabla hajasikia kwenye korido.

Aproni na tumbo

Mashine ya eksirei ya thieta ni ndugu yako wa kila siku, na aproni nyingi za risasi, yale madini yanayozuia mionzi, zimekatwa kwa kifua cha mwanaume. Zinaacha uwazi kwapani, na pale ndo kuna upande wa nje wa juu wa ziwa, sehemu inayopata saratani ya matiti zaidi ya nyingine. Utafiti wa 2012 kwa madaktari wanawake wa mifupa wa Marekani ulikuta saratani ya matiti ipo mara 2.9 ya ilivotarajiwa kwa wanawake wenzao. Haukuthibitisha kuwa mionzi ndo sababu, lakini mimi sihitaji kusubiri uthibitisho ili kufunika kwapa. Vaa aproni, kisha nyoosha mkono mbele kama umeshika drili, mwambie mtu aangalie ubavuni. Akiona gauni lako, omba saizi ndogo, au yenye mabawa ya begani, au vipande vya kuziba kwapa. Na kola ya shingo usiiache hata kama joto.

Namna ya kusimama ni muhimu kuliko vitambaa vyote. Kichwa kinachotoa mionzi kikae chini ya meza. Picha ya ubavu ikipigwa, simama upande wa kichwa kinachopokea picha, kwa sababu mionzi inayotawanyika ni mingi zaidi upande inakotokea. Na rudi nyuma, ukiongeza umbali mara mbili kiasi kinashuka mpaka robo. Hatua moja tu hiyo.

Ujauzito sasa. Hapa watu wananyamaza mpaka wanaumia. Mwaka 2021 ulitoka utafiti wa madaktari 692 wanawake wa upasuaji Marekani, asilimia 42 walikuwa wamewahi kupoteza mimba, zaidi ya mara mbili ya wanawake wengine, na waliokuwa wanafanya upasuaji masaa 12 au zaidi kwa wiki kwenye miezi mitatu ya mwisho walipata matatizo makubwa zaidi. Sisemi hivi kukutisha usizae. Nasema ili usijifanye chuma.

Ukijua una mimba, mwambie mapema mtu wa mionzi wa hospitali hata kama bosi bado, maana kuna kikomo: mwongozo wa ICRP, tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi, unataka mtoto asipate zaidi ya milisiveti 1 kuanzia siku ulipotoa taarifa mpaka kujifungua. Unapewa dozimita (kipima mionzi) ya pili unavaa tumboni chini ya aproni, inasomwa kila mwezi, unaona namba mwenyewe. Wengi wanashangaa ilivo ndogo wakivaa vizuri, na namba ile ndo inakupa amani au inakupa sababu ya kuondoka chumbani. Simenti ya mfupa, ile ya kushikilia viungo bandia, inatoa mvuke mkali, dai ichanganywe kwenye kopo la vakyumu, lile lililofungwa linalonyonya mvuke, na kama bado hutaki kuwepo toka wakati inachanganywa, hakuna upasuaji ulioharibika kwa hilo. Kwenye miezi mitatu ya mwisho punguza kesi ndefu za kusimama, kaa kwenye kesi za mkono ambazo zinafanywa umekaa, chukua kliniki zaidi, na mabadilishano yaandikwe kwenye rosta rasmi, usiyaache kuwa fadhila ya mdomo utakayolipishwa baadaye.

Mikono isiyo na adabu

Hili nitaenda haraka lakini nisilipite. Uingereza 2023 walichapisha majibu ya watu zaidi ya 1,400 wa upasuaji, karibu theluthi mbili ya wanawake walisema wamewahi kusumbuliwa kingono na watu wa kazini ndani ya miaka mitano, na karibu asilimia 30 wameshikwa au kushambuliwa. Umenawa, mikono tasa hairuhusiwi kushuka, mtu anajipitisha nyuma yako. Sema kwa sauti, jina lake na kitendo: "Daktari fulani, naomba usogee, umenigusa." Usiku huo andika tarehe, saa, chumba, nani alikuwepo, maneno yenyewe, tunza kwenye barua pepe yako binafsi, siyo ya kazini. Taarifa mpelekee mtu asiyekupa alama na asiyekuwa rafiki wa mhusika, na nenda na mwenzako. Kama hujawa tayari kuripoti leo hakuna anayekulaumu, lakini andika leo.

Watu wa kuwa nao

Usisubiri mwanamke bingwa akulee, unaweza kukosa. Takwimu za chama cha vyuo vya tiba cha Marekani za 2021 zinaonesha wanawake hawafiki asilimia 6 ya madaktari wa mifupa kule, hakuna ubingwa mwingine ulio nyuma kiasi hicho. Ruth Jackson alipita bodi ya mifupa ya Marekani 1937, mwanamke wa kwanza kabisa, na mwanamke wa kwanza kuwa rais wa chama chao cha mabingwa wa mifupa, Kristy Weber, kaingia 2019, chama kimeanzishwa 1933. Hesabu mwenyewe. Ila wapo wa kujiunga nao, Ruth Jackson Orthopaedic Society, chama cha wanawake wa mifupa, tangu 1983, na kwa huku Afrika kuna WiSA, umoja wa wanawake wa upasuaji, chini ya COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, wanafanya mafunzo na wana watu wa kukushika mkono.

Tofautisha lakini anayekushauri na anayekutaja. Wa kwanza anakunywa nawe chai, wa pili anakaa kwenye kikao cha kupanga nafasi anasema huyu aende. Wa pili mara nyingi atakuwa mwanaume na haina shida, mfanyie kazi nzuri na mwambie wazi unataka nini, wengi hawajui tu.

Kabla hujajaza fomu

Nenda hospitali unayotaka kusomea ukae wiki moja. Usiulize "mnawapokea wanawake?", kila mtu atasema ndiyo. Uliza wanawake wangapi wameingia miaka mitano iliyopita na wangapi wamemaliza. Angalia chumba cha kubadilishia nguo, kuna sehemu mlango mmoja umeandikwa madaktari na mwingine manesi, na wa madaktari ni wa wanaume, kwahiyo wewe unabadilishia kwa manesi na yale mazungumzo yote ya kesi yanaisha kule ambako haupo. Angalia unalala wapi ukiwa zamu, na mlango unafungwa kwa ndani? Kama unavaa hijabu uliza kama zipo za thieta za kutumia mara moja, hospitali ya Royal Derby ya Uingereza walishaanza nazo 2019, kwahiyo haiwezekani wakwambie hazipo duniani. Hesabu aproni ndogo kwenye hanga.

Kwenye usaili ukiulizwa utazaa lini, jibu langu huwa ni fupi: "Swali hilo mnawauliza na wanaume? Kama ndiyo nitajibu." Kwa tabasamu. Kisha rudisha maongezi kwenye logibuku yako. Kama hiyo ni kali mno kwako sema "mpango wangu ni kumaliza mafunzo yote kwa kesi zinazotakiwa", usiongeze neno.

Na mwisho wa hiyo wiki mtafute aliyeacha. Waliomaliza watakwambia vumilia mdogo wangu, wameshasahau. Aliyeacha anakumbuka jina la aliyemnyang'anya drili, na mwezi gani, na kama bado yupo pale.